Vipindi vinne kuhusu Biblia na mapenzi ya jinsia moja: nianzie wapi?

mwalimu_wa_kikundi

Shalom wapendwa. Nimepewa kuongoza vipindi vinne vya kujifunza Biblia juu ya mapenzi ya jinsia moja, dakika 90 kila kipindi, watu ishirini hivi, wengi wa miaka 18 hadi 25. Mada waliiomba wenyewe. Sitaki mashindano ya kurushiana mistari, wala sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina maswali matatu. Nichukue maandiko gani na kwa mpangilio upi? Nijibu nini mtu akisema kwamba hata wasomi wa Biblia hawakubaliani? Na nifanye nini iwapo mmoja wao atanifuata pembeni aniambie kwamba tunalojadili linamhusu yeye mwenyewe? "Omba sana" nimeshaambiwa, na ninaomba kweli. Sasa natafuta ya utendaji.

gombo_na_kalamu

Mtumishi, maandiko yanayotaja tendo lenyewe ni machache, na wote wanaobishana hurudi kwa hayo hayo: Mwanzo 19, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9-10, 1 Timotheo 1:9-10, na Yuda 7. Ukiyasoma hayo peke yake utakuwa na vipindi vya makatazo vitupu. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kiwe cha ndoa na useja: Mwanzo 1:26-28, Mwanzo 2:18-25, Mathayo 19:3-12 na 1 Wakorintho 7. Msomaji wa msimamo wa kale hategemei sana Sodoma. Anategemea Mwanzo 2 na jinsi Yesu alivyoinukuu alipoulizwa habari za talaka. Vijana wasipoliona hilo mapema, watadhani hoja nzima imetundikwa kwenye mstari mmoja wa Walawi.

Usifungue na Sodoma. Mwanzo 19 ni habari ya wanaume wa mji wanaotaka kuwabaka wageni. Iweke kando ya Waamuzi 19, ambako karibu maneno yale yale yanatumika na aliyebakwa hadi asubuhi ni mwanamke. Kisha fungua Ezekieli 16:49-50, ambapo nabii mwenyewe anataja uovu wa Sodoma: kiburi, shibe, na kutomsaidia maskini, halafu anaongeza kwamba walifanya machukizo. Anayesema Sodoma ni habari ya ukarimu tu amesahau mstari wa 50 na Yuda 7. Anayesema ni ushoga tu ameruka wa 49. Dakika 20 zinatosha, msikwame hapo.

Walawi ndipo pande zote mbili huteleza. Mmoja atasema, "Walawi pia inakataza samaki wasio na magamba, mbona tunawala?" Hoja hiyo ni nyepesi: katazo la vyakula liko sura ya 11, na sura ya 18 ni orodha ya mahusiano ya kimwili ambayo mstari wa 26 unaifanya imhusu hata mgeni. Lakini waulize na wa upande wa pili: 18:19 inakataza kulala na mke aliye katika hedhi, na iko ndani ya orodha hiyo hiyo. Je, hiyo nayo inafunga? Na 20:13 inatoa hukumu ya kifo, sawa na 20:10 kwa wazinzi. Mtu akisema "sheria ni sheria", mwachie mistari hiyo miwili na unyamaze kidogo. Lengo lisiwe kumwaibisha. Ataona mwenyewe kwamba kila Mkristo anayesoma Walawi ana kanuni ya kuchagua kinachoendelea na kilichokoma, na kwamba kanuni hiyo inapaswa kusemwa waziwazi.

Warumi ipewe kipindi kizima, au walau dakika 50. Kosa kubwa ni kukata kwenye 1:32. Migawanyo ya sura haikuwekwa na Paulo, iliingizwa karne ya 13. Mpe mtu mmoja mwenye sauti asome kuanzia 1:18 hadi 2:4 bila kusimama wala maelezo. Halafu waombe warudi 1:29-31 wataje yaliyo katika orodha: husuda, fitina, "wenye kusengenya", "wasiowatii wazazi wao". Baada ya hapo soma tena 2:1, "wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru". Paulo ameandika mtego: msikilizaji aliyekuwa akiitikia kwa kichwa anajikuta yeye ndiye anayezungumziwa. Hilo halifuti 1:26-27, lakini linaonyesha Paulo aliziweka hapo kwa kazi gani.

Kuhusu 1 Wakorintho 6:9 na 1 Timotheo 1:10, suala la tafsiri huwezi kulikwepa, maana Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "wafiraji" na "walawiti". Kijana wa leo akisikia "kulawiti" anafikiria mtoto aliyebakwa. Sema wazi kwamba Kigiriki kina maneno mawili. Malakoi, kwa maana ya kawaida, ni laini. Ndilo lililotumika kwa "mavazi mororo" ya Mathayo 11:8. Arsenokoitai limeundwa kwa "mwanamume" na "kitanda", na maneno hayo mawili yanakaa pamoja katika Walawi 20:13 ya Kigiriki. Wengi wanaona Paulo alilichota humo. Wengine wanasema kwa sababu ya uhaba wa matumizi yake huwezi kuamua kama ni kila tendo au ni unyonyaji. Yatosha. Ukiendelea zaidi ya dakika kumi hapo, walio kimya nyuma watalala.

Karatasi moja itakusaidia kuliko hotuba. Gawanya A4 safu tatu: andiko linasema nini, linahusu nani na tendo gani, andiko halisemi nini. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Ndipo wataandika, kwa mfano, kwamba hakuna hata andiko moja kati ya hayo linalozungumzia mtu anayejikuta na mvuto bila kutenda lolote. Yote yanataja matendo.

mzeitu_mwitu

Nakubaliana na mengi ya gombo_na_kalamu, ila kwa mpangilio nina neno. Ukiweka habari ya mtu mwishoni, yule kijana anayehusika atakuwa ameketi wiki tatu akisikia "machukizo" na "hukumu ya kifo" kabla hajaambiwa kwamba yeye si mada ya mjadala. Huenda wiki ya nne hayupo. Mimi ningeanza na matowashi, yaani wanaume waliohasiwa au wasioweza kuzaa. Kumbukumbu la Torati 23:1 inamfungia towashi nje ya kusanyiko. Isaya 56:3-5 inamwahidi jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Mathayo 19:12 Yesu anawataja matowashi wa aina tatu, wa kwanza wakiwa waliozaliwa hivyo. Matendo 8:26-40 mmoja wao anabatizwa, naye alikuwa garini akisoma Isaya huyo huyo, sura tatu kabla ya ahadi ile. Dakika 30. Hizo aya hazithibitishi uhalali wa mahusiano ya jinsia moja, na usizitumie hivyo. Zinathibitisha kwamba mtu asiyeingia katika mpango wa kawaida wa kuoa na kuzaa ana nafasi nyumbani mwa Mungu kabla ya swali lingine lolote.

Swali la wasomi. Usiseme tu "hawakubaliani" ukaacha hewani, na usiseme upande wa pili ni watu wasioamini Biblia. Taja hoja zenyewe kwa nguvu yake.

Wanaoshikilia katazo wanasema: Warumi 1 inarudia lugha ya uumbaji, hata kwa "mume" na "mke" Paulo anatumia maneno yale yale ya Kigiriki ya Mwanzo 1:27, anataja wanawake pia, kwa hiyo haiwezi kuwa habari ya wazee na wavulana tu, na tofauti na suala la wanawake katika huduma, ambako una Debora, Priska na Fibi upande mmoja na makatazo upande mwingine, hapa Maandiko hayana sauti ya pili.

Wanaoona kuna nafasi wanasema: Paulo anaeleza watu walioacha Mungu wakaingia ibada ya sanamu, "wakawakiana tamaa", mfululizo unaofanana na kitabu cha Hekima (kilichomo katika Biblia za Kikatoliki) sura ya 13 na 14, wawili waaminio waliofungamana maisha yao yote hawakuwa machoni pake, "kinyume cha asili" si tusi la moja kwa moja, maana Warumi 11:24 inasema Mungu mwenyewe amewapandikiza mataifa "kinyume cha asili", na katika Matendo 10 na 15 kanisa lilibadili msimamo wenye andiko wazi baada ya kuona Roho amewashukia wasiotahiriwa.

Hapo upande wa kwanza hujibu kwamba barua ile ile ya Matendo 15, mstari wa 29, iliwaondolea mataifa tohara lakini ikabakiza katazo la uasherati. Na upande wa pili utauliza ni nini kilichohesabiwa uasherati. Mkifika hapo mmefika kiini, na ni afadhali kikundi kikae kwenye swali hilo nusu saa kuliko kulizunguka kwa mwaka.

Zipo na hoja za kuzima mapema, za pande zote. "Yesu hakulisema" ni kweli kwa kadiri ya Injili zilivyoandikwa, lakini ukimya haujengi upande wowote. Daudi na Yonathani, 2 Samweli 1:26: andiko linasema upendo, halisemi tendo, msilibebeshe. Na ile kauli ya "Adamu na Hawa, si Adamu na Juma" iachwe kwa wachekeshaji.

mlezi_wa_vijana

Nijibu swali la tatu, maana ndilo lenye madhara ya haraka.

Akija pembeni, sekunde za kwanza ndizo atakazokumbuka. Sentensi tatu fupi: "Asante kwa kuniamini. Hili halibadilishi jinsi ninavyokuona. Nani mwingine anajua?" Swali la mwisho si udaku. Linakuambia kama yuko peke yake na kama kuna anayeweza kumtangaza bila ridhaa yake. Baada ya hapo msikilize. Usianze na Warumi 1. Ameisoma kuliko wewe.

Yanayoharibika ni haya, na huharibika kwa nia njema. Mlezi anamwambia mchungaji "ili tumwombee". Mchungaji anamwambia mzee wa kanisa. Kufikia Jumapili mama mzazi anajua. Kwa hiyo: usimwambie mtu yeyote bila ruhusa yake, hata mwenzi wako. Usiandike jina lake popote, wala ombi la maombi la mafumbo kwenye kundi la WhatsApp. Mafumbo ya watu ishirini hufumbuliwa dakika tano. Mahali ambapo sheria inaadhibu mahusiano haya au familia inaweza kumfukuza nyumbani, ujumbe mmoja kwenye simu unatosha kumwangamiza.

Lakini usiahidi siri isiyo na mpaka. Siri ya kitubio ni ya padre, wewe huna. Mwambie mapema: "Nitalinda siri yako, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini au mtoto anaumizwa." Hapo pia tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: mtu mzima kumnajisi mtoto ni jinai, iwe mtoto wa kiume au wa kike, na si mwelekeo wa kijinsia. Kijana akikuambia alinajisiwa utotoni, hiyo ni habari nyingine yenye taratibu zake za ulinzi na matibabu. Usimwambie kwamba ndiyo iliyomfanya awe hivyo, wala usimchimbe atafute tukio kama hilo ikiwa halipo.

Uliza waziwazi kuhusu kujiua. "Umewahi kufikiria kujidhuru au kujiua?" Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani, wanaoshughulikia afya ya akili wamelithibitisha hilo kwa miaka mingi. Akikubali, uliza kama ana mpango, ana kifaa, na lini. Akiwa na mpango, usimwache peke yake siku hiyo, ondoa anachokusudia kutumia, na umfikishe kwa mtu wa afya ya akili. Maombi yaendane na safari ya hospitali, yasiicheleweshe.

Na jambo la mwisho kwangu: kuwekewa mikono mbele ya watu kwa ajili ya "pepo la ushoga". Akiondoka hapo na mvuto ule ule, na mara nyingi ndivyo, atahitimisha ama Mungu amemkataa ama imani yake ni bandia. Usiruhusu kikundi kifanye hivyo, hata kama aliyependekeza ni mzito kuliko wewe.

mwalimu_wa_kikundi

Mbarikiwe. Mlezi, hapo umenigusa swali ambalo najua litaulizwa. Nikiulizwa "je, anaweza kubadilika?", niseme nini bila kudanganya? 1 Wakorintho 6:11 inasema "baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii".

mlezi_wa_vijana

Kwanza tenganisha vitu vitatu: mvuto, tendo, na jinsi mtu anavyojitambulisha. Tendo mtu analiamua, kama ambavyo asiyeoa anaamua. Jina analojiita nalo anaweza kulibadili. Mvuto wenyewe ndio haukubali kuamriwa. 6:11 ni ya orodha nzima, wakiwemo walevi na wanyang'anyi, na inasema walioshwa, walitakaswa na walihesabiwa haki. Haisemi kwamba mlevi hakusikia kiu tena.

Kwa ukweli wa kihistoria: Exodus International, muungano mkubwa wa huduma za Kikristo zilizoahidi mabadiliko, ulianzishwa 1976 ukafungwa 2013, na rais wake Alan Chambers aliomba radhi hadharani. Mwaka 2009 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwepo kikakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba jitihada za kubadili mwelekeo hufanikiwa, na kwamba zinaweza kudhuru. Shirika la Afya Duniani liliondoa ushoga katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hakuna hata moja la hayo linaloamua swali la kimaadili, na usiruhusu mtu alitumie hivyo. Linaamua tu kwamba usiahidi tiba.

Ndoa nayo si dawa. Ukimshauri kijana aoe "itapita", umeweka rehani maisha ya watu wawili, na wa pili hakuulizwa. Wapo Wakristo wanaotambua mvuto wao na kuchagua useja, na wapo waliooa mke anayejua kila kitu tangu mwanzo. Wote wawili hawafanani na yule aliyefichwa ndani ya harusi.

Useja nao usiutaje kama adhabu rahisi. Kanisa linalomwambia mtu "usioe kamwe" halafu mialiko yake yote ni ya familia, viongozi wake wote ni wenye ndoa, na kila ibada inauliza "lini utatuletea mchumba", limempa mzigo likamnyima mkono. Jiulize nani atamuuguza akilazwa, na sikukuu atakula wapi.

katekista_msomaji

Nyongeza ya upande wa makanisa. Kabla ya kipindi cha kwanza tafuta tamko lililoandikwa la kanisa lenu, uchapishe, usome lote. Karibu kila tamko lina nusu mbili na watu hukariri moja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 hadi 2359: ya kwanza inakataa matendo hayo, ya pili inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe, ya tatu inawaita kwenye usafi wa moyo. Azimio la mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth 1998, namba I.10, linajulikana kwa kusema vitendo hivyo havipatani na Maandiko. Azimio lilelile linawaahidi kuwasikiliza wenye mwelekeo huo na kulaani woga usio na sababu dhidi yao.

Msiseme "Papa ameruhusu ndoa". Hati ya Vatikani ya Desemba 2023 iliruhusu baraka fupi isiyo ya kiliturujia kwa watu walio katika mahusiano hayo, ikasisitiza kuwa mafundisho ya ndoa hayajaguswa. Januari 2024 maaskofu wa Afrika na Madagaska, kwa sauti ya Kardinali Fridolin Ambongo, walisema baraka hizo hazifai kufanyika katika makanisa yao. Kanisa la Muungano la Methodisti nalo liliondoa mwaka 2024 kauli ya kutopatana na mafundisho ya Kikristo iliyowekwa 1972. Yaani swali la "wasomi hawakubaliani" lina toleo lake la "makanisa hayakubaliani", na vijana wanaliona kwenye simu kabla yako.

Kama kanisa lenu lina msimamo, useme siku ya kwanza bila kuzunguka. Kuwaacha wadhani swali liko wazi, halafu wiki ya nne uwafungie mlango, ni hila, na watakukumbuka kwa hilo.

gombo_na_kalamu

Nakubali marekebisho ya mzeitu_mwitu: matowashi waende kipindi cha kwanza pamoja na Mathayo 19, Walawi na Sodoma cha pili, Paulo cha tatu, na cha nne kiwe cha hoja za pande mbili na huduma. Sheria za kikundi nazo zitangazwe kipindi cha kwanza: hakuna kumtaja mtu, hakuna kurekodi, na kila mmoja azungumze akijua kwamba anayehusika huenda ameketi humu.

Kwa maswali tumia vikaratasi. Toa kalamu za rangi moja na karatasi za ukubwa mmoja, kila mtu aandike kitu, asiye na swali aandike andiko lolote analolipenda. Usipofanya hivyo atakayeandika atajulikana kwa kuinama. Kusanya mwisho wa kipindi, uyajibu kipindi kinachofuata, ili upate wiki ya kuchuja. Kinachotaja jina la mtu, choma. Kinachosomeka kama kilio, usikisome kwa sauti; sema tu mbele ya wote saa na mahali utakapokuwepo wiki hiyo, na kwamba mtu anaweza kuja bila kueleza sababu.

Na uandishi wa mikono ya watu unajulikana. Andika upya maswali yote kwa mwandiko wako kabla ya kuyaleta.